Mcheza Kwao Hutunzwa

Wahenga walituachia methali hii: Mcheza kwao hutunzwa. Mtu akicheza ngoma kati ya watu wake, shangazi hufungua pindo la kitambaa akatoa sarafu, mjomba huahidi kuku, watoto hupiga makofi. Wanamjua. Ni mtoto wao, na furaha yake ni furaha ya nyumba nzima. Methali hii twaipenda, nasi twawafundisha watoto wetu. Lakini hapa Likasi iko habari moja ambayo yafaa kuipima kwa methali hiyo, tuone kama inasimama. Ni habari ya Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitaa.

Vijana wengi wakisikia jina hilo huuliza: Ndiye nani? Wazee hutabasamu tu, na vidole vyao huanza kugonga juu ya goti. Basi, na tuanze mwanzo.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, upande wa kaskazini wa mji wetu. Bunkeya ndio mji wa Bayeke, mji wa Msiri aliyeuawa Desemba 1891. Wasomaji wa Tanzania wajue kwamba Bayeke ni ndugu zao wa mbali. Mababu zao walikuwa wafanya biashara waliotoka upande wa Unyamwezi, wakafuata shaba na pembe za ndovu mpaka Katanga, wakakaa. Msiri mwenyewe aliitwa pia Mwenda, hivyo mtoto huyu alichukua jina zito la kwao. Na jina lake la Ubatizo lilikuwa la Mtakatifu Yohane Bosco, yule Padre wa Turino aliyewakusanya vijana wa barabarani kwa masomo, kwa michezo na kwa muziki. Kijana aliyepata majina mawili kama hayo, moja la mfalme na moja la rafiki wa vijana, alikuwa na deni kwa pande zote mbili. Nasi twaona kwamba alilipa.

Siku zile mji wetu uliitwa Jadotville, kwa jina la injinia mmoja Mbelgiji. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilichimba shaba katika nchi hii na kuisafisha katika kiwanda cha Shituru. Watu walikuja kutafuta kazi kutoka Kasai, kutoka Rwanda, kutoka Rhodesia ya Kaskazini, na kutoka vijiji vya Wasanga na Waluba vilivyo karibu. Kila mmoja alikuja na lugha yake na ngoma yake. Lakini ngoma ya kijijini yataka watu wengi, yataka uwanja, tena yataka siku yake. Katika kambi za wafanya kazi nyumba zilipangwa mistari, na mtu aliishi ukuta kwa ukuta na jirani asiyejua nyimbo za kwao. Kitu kilichowaunganisha kilikuwa Kiswahili, na baada ya Kiswahili kilikuwa gitaa. Gitaa ni chombo cha mtu mmoja. Alibeba begani, akaketi mbele ya mlango, akapiga, na jirani yake Mluba, Mbemba na Mnyarwanda wote wakasikiliza.

Tena kulikuwa na gramafoni na sinema. Kwa gramafoni zilikuja nyimbo za kisiwa cha Kuba. Kwa sinema walikuja wale wachunga ng'ombe wa Marekani, wenye kofia pana na bastola, ambao vijana wa Kongo waliwapenda mno. Huko Léopoldville vijana walijiita Bill, kwa kumwigiza Buffalo Bill. Na muziki wa watu hao nao ulisafiri. Msomaji atacheka akisikia kisa cha Wakipsigis wa Kenya. Mmarekani mmoja, Jimmie Rodgers, aliyefanya kazi katika reli kabla ya kuwa mwimbaji, alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Hakufika Afrika kamwe. Lakini sahani zake zilifika, na Wakipsigis wakalitamka jina lake kwa ulimi wao, Chemirocha, wakamtungia nyimbo. Mwaka 1950 nyimbo hizo zilinaswa katika sahani. Ndivyo ulivyo muziki wa maskini. Hauombi pasipoti.

Mtu aliyewanasa Wakipsigis hao alikuwa Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa Afrika ya Kusini, ambaye alizunguka nchi nyingi na mashine yake ili kuhifadhi muziki wa Waafrika. Mwaka 1952 alifika Jadotville. Hapo alimkuta kijana wa miaka 22 mwenye gitaa, akamwomba apige mbele ya mashine. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean-Bosco, na wimbo mmoja aliopiga ulikuwa Masanga.

Yafaa tueleze kidogo namna yake ya kupiga, maana hapo ndipo ilipo siri. Mwenda alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia, kidole gumba na cha shahada. Gumba lilipiga nyuzi nene kwa mwendo ulio sawa, kama mtu atembeaye. Kidole cha shahada kilipiga nyuzi nyembamba na kutoa sauti ya wimbo, mara mbele ya gumba, mara nyuma yake, mara sambamba nalo. Anayesikia mara ya kwanza hudhani ni wapigaji wawili. Tena hakurudia wimbo kama mtu asomaye kitabu. Masanga ya leo ilikuwa na njia zake, na Masanga ya kesho na zake. Mtaalamu wa Uingereza, David Rycroft, aliyasikiliza magitaa hayo kwa uvumilivu mkubwa, akayaandika nota kwa nota na kuyaeleza katika jarida la African Music la mwaka 1961 na 1962. Ni kazi ya kurasa nyingi. Kile alichokifanya kijana wetu kwa vidole viwili kiliwatoa wataalamu jasho.

Masanga ilipata zawadi ya Osborn kwa muziki bora wa Afrika wa mwaka ule. Kampuni ya Gallo ya Afrika ya Kusini ikaitoa katika sahani zake za Gallotone, nazo zikaenda mbali kuliko reli ya shaba. Zilipigwa Rhodesia, zikapigwa Nyasa, zikapigwa Tanganyika, Uganda na Kenya. Kwa kuwa Mwenda aliimba Kiswahili pamoja na lugha za kwetu, watu wa nchi hizo walimwelewa, ingawa Kiswahili cha Katanga kiliwachekesha kidogo.

Mwaka 1959 aliitwa Nairobi. Alikwenda kwa mkataba wa kutangaza vidonge vya Aspro, vile vya kuumwa kichwa, akawa anasikika katika redio kila juma. Msomaji asicheke. Vidonge vilimpa mkate, na redio ikampa wanafunzi asiowajua. Vijana wa Kenya walikaa karibu na redio wakivinyosha vidole vyao, wakatafuta kwenye nyuzi kile walichokisikia. Edouard Masengo, mwenzake wa Katanga, naye alikwenda Kenya siku hizo na kupendwa sana. Mpaka leo, wanaoandika habari za gitaa la Kenya hawawezi kuruka jina la Katanga. Basi, ugenini alitunzwa. Je, na nyumbani?

Mambo ya nyumbani yalikuwa na misukosuko. Juni 30, 1960, Kongo ilipata uhuru. Julai 11 Katanga ikajitenga, na vita ikaanza ambayo haikwisha mpaka Januari 1963. Katika mji wetu huu, Septemba 1961, askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walizungukwa wakapigana siku kadhaa. Mpiga gitaa afanye nini siku kama hizo? Watu walitafuta unga, si sahani.

Na vita ilipokwisha, masikio ya watu yalikuwa yamehama. Kutoka Léopoldville zilivuma bendi kubwa, African Jazz ya Kabasele na OK Jazz ya Franco, zenye magitaa ya umeme, ngoma na tarumbeta. Vijana walitaka kucheza dansi. Mtu mmoja na gitaa moja la mbao, akiwa juu ya kiti, aliwaonekea kama baba yao. Hivyo Mwenda, aliyewafundisha wapigaji wa nchi nyingine, alitafuta riziki kama watu wote. Alifanya kazi za ofisini, alifanya kazi kwa kampuni ya madini, aliongoza bendi, Super Shaba, baadaye alikuwa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Hakuna aibu katika kazi hizo. Ni kazi za mtu mwaminifu anayelisha watoto. Lakini fikirini: fundi seremala hula kwa randa yake, mvuvi hula kwa wavu wake, na mpiga gitaa wa kwanza wa Katanga alikula kwa kalamu ya ofisi.

Mwaka 1969 Wamarekani walimwita kwenye tamasha ya Newport, huko Rhode Island. Katika tamasha hiyo ya mwaka huo aliimba pia Johnny Cash, mwimbaji mkubwa wa nyimbo za wachunga ng'ombe na wafungwa na walevi wanaojuta. Twapenda kuufikiri mkutano huo. Mmoja alikuwa mtoto wa mashamba ya pamba ya Arkansas, mwingine mtoto wa Bunkeya. Huyu wa Marekani mwaka ule ule alikuwa na kipindi chake katika televisheni, na nchi yake yote ilimjua. Huyu wa kwetu alirudi Kongo, na kazi zake zikamngoja.

Halafu yalikuja majina. Mwaka 1966 Jadotville ikawa Likasi na Elisabethville ikawa Lubumbashi. Mwaka 1971 Kongo ikawa Zaire, na Katanga ikawa Shaba. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliwaamuru watu waache majina ya Kikristu. Wasomaji wazee wanakumbuka jinsi Kardinali Malula alivyopinga, na jinsi alivyolazimika kukaa Roma kwa muda. Katika mambo hayo Jean-Bosco naye alijulikana kama Mwenda wa Bayeke. Ni jina zuri, ni la ukoo wake. Lakini mtu wa Nairobi au wa Dar es Salaam aliyenunua sahani ya Jean Bosco kutoka Jadotville, Kongo, angemtafuta wapi Mwenda wa Bayeke wa Lubumbashi, Zaire? Jina, mji, mkoa na nchi, vyote vinne vilibadilika. Sahani ilibaki kama barua ambayo anwani yake imefutwa.

Wako waliomtafuta hata hivyo. Mwaka 1979 Mwingereza John Low, aliyekuwa amejifunza magitaa ya Kenya, alisafiri mpaka Shaba kwa kusudi hilo. Alimwona Mwenda, akamwona Masengo, akamwona Losta Abelo, akaandika kitabu cha safari yake kilichotoka mwaka 1982. Mwaka 1988 Mwenda alirekodi tena, huko Cape Town. Mwaka 1990 Mmarekani Elijah Wald alikuja Lubumbashi akaketi mbele ya Mwenda na ya Masengo kama mwanafunzi, ili ajifunze kupiga. Ni jambo la kutafakari. Mtu avuka bahari kuja kujifunza kile ambacho mtoto wa mtaa wa pili hakuja kukiuliza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mwenda alikufa katika ajali ya gari. Mungu amlaze pema.

Sasa, ndugu wasomaji, hatuandiki haya ili tumlilie marehemu tu. Twaandika kwa ajili ya walio hai. Maana twajiuliza, kwa nini mcheza huyu alitunzwa ugenini kuliko kwao? Twaona sababu tatu.

Sababu ya kwanza: watu hudhani wimbo hauna mwenyewe. Mtu akichukua jembe la jirani, ni mwizi, kila mtu anasema. Akichukua wimbo wa jirani, husemwa ana kipaji. Katika Afrika ya Kusini, Mzulu mmoja, Solomon Linda, aliimba wimbo wa Mbube mbele ya mashine za kampuni ya Gallo mwaka 1939. Wimbo huo ulizunguka dunia nzima, ukabadilishwa jina na maneno, ukaingiza fedha nyingi. Linda alikufa mwaka 1962 akiwa maskini. Watoto wake walilazimika kwenda mahakamani, na patano lilipatikana mwaka 2006. Miaka 44 baada ya kifo cha baba! Haki ya mfanya kazi ni haki hata kama kazi yake haishikiki kwa mkono.

Sababu ya pili ni uchu wa mambo mapya. Hapo hatuwalaumu sana vijana. Kila kizazi hutaka ngoma yake, na bendi za umeme zilileta uzuri wake. Lakini mti ukiwa na matawi mapya, je, watu huung'oa mzizi?

Sababu ya tatu yatuhusu sisi Wakristu zaidi. Wazazi wengi huona gitaa kuwa chombo cha kilabu cha pombe. Mtoto akishika gitaa, baba husema: Huyu amekwisha potea. Ni kweli kwamba gitaa limekaa mahali pa ulevi, na nyimbo nyingine si za kuimba mbele ya mama. Lakini kikombe nacho hukaa kilabuni, na kikombe hukaa altareni. Kamina, katika nchi hii ya Katanga, Padre Guido Haazen Mfransiskani alichukua sauti na ngoma za vijana, na mwaka 1958 ikaimbwa Missa Luba, iliyowashangaza watu wa Ulaya. Wakati ule wako waliouliza ngoma yaingiaje kanisani. Leo katika parokia zetu nani anauliza? Ngoma zipo, na magitaa yapo, na watu wanasali.

Tueleze tuliyoyaona. Si zamani sana, kwenye kilio katika mtaa mmoja wa Likasi, mzee mmoja alichukua gitaa la vijana wa kwaya wakati wa usiku, akalipiga kwa vidole viwili. Watu waliokuwa wakisinzia waliinua vichwa. Kijana mmoja akauliza kwa heshima: Baba, huo ni wimbo wa wapi? Wa Kenya? Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akajibu: Mwanangu, ni wa hapa. Ulianzia katika barabara hizi unazotembea. Vijana wakamsogelea, na mpaka alfajiri hawakumwacha.

Tumeona pia jambo la namna nyingine. Katika arusi moja, mpishi alilipwa, mpiga picha alilipwa, mwenye viti alilipwa hata kwa kiti kilichovunjika. Wapiga gitaa watatu, waliopiga tangu saa nane mchana mpaka usiku, walipewa chupa mbili za bia wagawane. Mmoja wao ana mke na watoto wanne. Alilifunga gitaa lake katika kitambaa, akaenda kwa miguu. Je, mtu huyo akiuza gitaa kesho, tutasema vijana hawapendi muziki wa kwao?

Basi, yako mambo madogo ambayo kila nyumba yaweza kufanya, wala hayahitaji amri ya serikali. Kwanza, mwenye karamu amlipe mpigaji kama amlipavyo mpishi, wakipatana bei mapema. Pili, mwenye mzee nyumbani amwulize habari za nyimbo za zamani, aandike majina: nani alipiga, wapi, mwaka gani. Siku hizi simu ya mkononi hunasa sauti kwa urahisi ambao Hugh Tracey, na mashine yake nzito, hakuupata. Tatu, walimu wa kwaya wawaambie watoto jina la mtunzi kabla ya kuwafundisha wimbo wake. Ni neno moja tu, lakini mtunzi husikika ndani yake. Na nne, mzazi mwenye mtoto mpenda gitaa amwongoze badala ya kumvunjia. Amwambie wapi pa kupiga na wapi pa kuacha. Mtakatifu Yohane Bosco aliwashika vijana kwa vitu walivyovipenda, akawapeleka mbali.

Masengo, Abelo na wengine wa zamani zile walitoka katika miji hii ya shaba. Mashimo ya madini tumeyaona. Shaba ikichimbwa, huondoka kwa treni na kwa malori, na shimo hubaki. Wimbo nao ulichimbwa hapa, ukaondoka. Lakini wimbo una neema ambayo shaba haina: waweza kurudi nyumbani bila kupungukiwa na yule aliyeupokea ugenini. Wakenya hawatapoteza kitu kama watoto wa Shituru na Panda wataanza tena kupiga Masanga. Yataka kiti kimoja, gitaa moja, mzee mwenye subira, na mtoto asiyeona haya kuuliza.

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Hawakusema ni lazima awe hai. Wapo pia wanaocheza leo, Jumapili kanisani na Jumamosi arusini, nao wana njaa kama sisi. Tuwatunze hao mapema.